Mikro za humbaka: je, omu nyingi ndizo nguvu ya sauti?

Solo wa Katuba

Ndugu zangu wapiga gitaa, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Gitaa langu lina mikro mbili za humbaka, yaani vinasa vya sumaku vyenye koili mbili mbili vinavyokaa chini ya nyuzi, zilizokuja nalo kutoka kiwandani. Sasa nimempata mtu anayesafiri kwenda Johannesburg, naye amekubali kuniletea nyingine, kwa hiyo ningependa kuchagua kwa uhakika kabla sijatoa fedha, kwani kitu kikishavuka mpaka wa Kasumbalesa hakirudishwi.

Kazi yangu ni ya namna mbili. Jumapili napiga kanisani, ambako gitaa huingizwa moja kwa moja katika mikseri kwa sababu hakuna ampli ya gitaa. Siku nyingine napiga na bendi, na huko sebene, ile sehemu ya kasi ya wimbo ambamo gitaa hutawala, ikianza, solo inapaswa kusikika noti kwa noti, juu kabisa ya shingo, bila kumezwa na mi-solo (gitaa la kati) wala besi. Mara mojamoja vijana huomba roki, nami hukanyaga pedali ya distosheni, lakini hiyo si sehemu kubwa ya kazi yangu.

Nimepima mikro zangu kwa mita ya umeme kupitia jeki, kifundo cha sauti kikiwa kimefunguliwa chote. Ya darajani, kule nyuzi zinakofungwa, imesoma kiloomu 8.0, ya shingoni 7.3, na swichi ikiwa katikati mita imesoma 3.8, jambo ambalo sikulielewa. Muuzaji ananishauri nichukue Seymour Duncan JB, ambayo huandikwa kiloomu 16 na kidogo, akisema kwamba ina nguvu maradufu ya hii niliyo nayo na kwamba solo itapenya maradufu. Wengine wananitajia Seymour Duncan '59, DiMarzio Super Distortion, na hata EMG 81 inayotumia betri. Je, ni kweli kwamba kiloomu 16 ni nguvu mara mbili ya kiloomu 8? Na je, mikro yenye nguvu zaidi ndiyo inayopenya zaidi, hasa pale ambapo sauti inatakiwa iwe safi, isiyokwaruza?

Fundi wa Kamalondo

Mdogo wangu, swali lako la kwanza lina jibu fupi, nalo ni hapana. Omu unazozisoma katika mita ni ukinzani wa waya wa shaba uliozungushwa katika koili, basi. Zinakudokeza urefu wa waya na unene wake, lakini hazikuambii ni sumaku gani iliyowekwa chini ya koili, wala mizunguko ni mingapi hasa, wala sauti itakuwa na rangi gani.

Chukua mikro za kale za Gibson, zile zilizobandikwa karatasi ya kueleza kuwa hataza imeombwa, kuanzia mwaka 1957. Zilizungushwa kwa waya wa namba 42, ambao unene wake ni kama milimita 0.063, mizunguko ipatayo 5,000 kwa kila koili, na nyingi kati yake hupimwa kati ya kiloomu 7 na 9. Kiwanda kikitumia waya wa namba 44, wenye unene wa milimita 0.05 hivi, urefu uleule wa waya utatoa ukinzani wa karibu mara 1.6, hata kama haukuongezwa mzunguko mmoja. Mtu anayeuza kwa kuhesabu omu anaweza basi kukuuzia wembamba wa waya akiuita nguvu.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika orodha ya DiMarzio wenyewe, ambao huchapisha milivolti za kila mikro, yaani nguvu ya umeme inayotoa, pamoja na omu zake. Tone Zone ina kiloomu 17 na ushee, na wanaipa milivolti 375. Super Distortion, iliyotoka mwaka 1972, ina kiloomu kama 13.7, na wanaipa milivolti 425. Yenye omu chache ndiyo iliyo na nguvu zaidi, na sehemu ya sababu ni kwamba Super Distortion imewekewa sumaku ya kauri ilhali Tone Zone ina sumaku ya alniko 5. Hata hizo milivolti usizilinganishe na za kiwanda kingine, kwani kila mmoja hupiga nyuzi kwa namna yake anapopima. Ndani ya orodha moja, hata hivyo, zinafaa. PAF Pro yao imeandikwa 300, maana yake ni kwamba Super Distortion inaizidi kwa desibeli 3 tu. Desibeli 3 zinasikika, sikatai, lakini hakuna msikilizaji atakayekuambia kwamba gitaa limekuwa mara mbili.

Joto nalo linaingia katika hesabu. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja, hivyo mikro iliyosoma 8.0 asubuhi ya Julai katika digrii 15 itasoma karibu 8.5 mchana wa Oktoba katika digrii 30, na rangi yake ya sauti itakuwa ileile. Nimeona watu wakibishana juu ya tofauti ndogo kuliko hiyo.

Sumaku ina neno zaidi. Alniko 2 ina mvuto mdogo, besi yake imelegea kidogo na sauti za juu ni laini; alniko 5 inakaza besi na kunoa sauti za juu; kauri hunoa zaidi na hujibu haraka, na ndiyo maana wapiga roki nzito huipenda. Alniko ni mchanganyiko wa chuma, aluminiamu, nikeli na kobalti, na katika alniko 5 kobalti ni karibu robo ya uzito. Kwa hiyo huenda waya na sumaku za mikro hizi tunazoziagiza mbali vilianza safari hapa hapa Katanga, ingawa bei hatupunguziwi.

Seth Lover alipoibuni humbaka pale Gibson mwaka 1955 hakuwa anatafuta nguvu. Alitaka kuua mngurumo wa umeme, akaweka koili mbili, moja ikiwa kinyume cha nyingine kwa mzunguko na kwa sumaku, ili mngurumo ujifute wakati sauti ya nyuzi inajumlishwa. Nguvu ilikuja kama nyongeza.

Kuhusu ile 3.8, mikro zako ni nzima. Swichi ikiwa katikati zinaungwa sambamba, na 8.0 pamoja na 7.3 zikiungwa hivyo huwa 3.8. Ungesoma 15 hapo ndipo ningekuambia ulete gitaa karakana.

Mi-solo wa Kampemba

Mzee Fundi amesema kweli kuhusu omu, lakini nisingependa ndugu yetu aondoke akiamini kuwa mikro nzito ni za watu wa roki peke yao. Mimi nina JB darajani, na naipenda kwa sababu ile ile ambayo wengine wanaichukia: sauti zake za kati ni nene, kwa hiyo ninapopiga uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko yote, juu ya kituo cha kumi na mbili cha shingo, noti haigeuki sindano masikioni mwa watu. Mikro nyembamba darajani, kwenye spika kali za kumbi zetu, inaweza kuchosha wasikilizaji kabla sebene haijafika katikati.

Ninachofanya ni kuacha kifundo cha sauti kwenye 7, na kukifungua chote pale tu ninapotaka kusukuma. Kwa kawaida kifundo kikipunguzwa, sauti za juu hupotea pamoja na nguvu; dawa yake ni kapasita ndogo, nanofaradi 1 hivi, inayolehemiwa kati ya miguu miwili ya potensiometa, ile iliyo chini ya kifundo, ule unaopokea mikro na ule unaokwenda jeki, pamoja na rezista ya kiloomu 150 kando yake. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote. Bila hiyo kapasita nisingeshauri mtu wa sebene anunue mikro nzito.

Nakubali jambo moja. Ampli ndogo ya transista hukwaruza vibaya inaposukumwa kupita kiasi mlangoni pake, si kama ile ya taa za kioo (vali), ambayo hukwaruza kwa upole na wakati mwingine ndivyo tunavyotaka. Kama ampli ya bendi yako ni ya transista, nguvu nyingi za mikro hazitakusaidia kitu ambacho kifundo cha ampli hakiwezi kukupa.

Solo wa Katuba

Asanteni sana, wakubwa. Naongeza habari ambazo sikuziandika mwanzoni. Kebo yangu ni ya mita 6, kwa sababu kanisani mikseri iko mbali na mahali tunaposimama. Gitaa linaingia katika tundu la laini la mikseri, na huko ndiko sauti inakoniudhi zaidi: ni kama gitaa limefunikwa blanketi, hata nikifungua sauti za juu zote. Kwenye ampli ya bendi halina tabia hiyo kwa kiwango hicho. Hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba mikro zangu ni dhaifu.

Mitambo ya Sauti, Ruashi

Ndugu, usinunue mikro yoyote kabla hujasoma haya, kwa sababu tatizo lako la kanisani haliko kwenye gitaa.

Mlango wa ampli ya gitaa huwa na ukinzani wa karibu megaomu 1. Tundu la laini la mikseri nyingi lina kiloomu 10 au 20. Mikro ya kawaida, isiyo na betri, haikutengenezwa kubeba mzigo huo: ukiichomeka hapo, nguvu hushuka na sauti za juu zinakufa, na hakuna kifundo cha mikseri kitakachozifufua, kwa sababu hazikufika kwenye mikseri. Ukiweka JB badala ya mikro uliyo nayo, hali itakuwa mbaya zaidi, kwani koili yake ni nzito zaidi na inaumizwa zaidi na mzigo huo huo. Unachohitaji ni kisanduku cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na mikseri, chenye mlango wa megaomu 1, au walau pedali yoyote yenye bafa, yaani saketi inayoikinga mikro na mzigo huo, kati ya gitaa na ile kebo ndefu. Pedali za Boss, kwa mfano, hubaki na bafa hata zikiwa hazijakanyagwa.

Sasa kuhusu rangi ya sauti, nami nitaomba subira kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha kulinganisha mikro. Kila mikro ina sehemu moja ya masafa ambako hupaza sauti kuliko penginepo, na juu ya sehemu hiyo sauti hushuka upesi. Tuiite kilele. Kilele hakiamuliwi na omu, bali na vitu viwili: indaktansi ya koili, inayopimwa kwa henri, na kapasitansi ya kebo pamoja na ile ndogo ya koili yenyewe. Mizunguko ikiongezeka, henri hupanda haraka na kilele hushuka. Kebo ikirefuka, kilele hushuka vilevile. Humbaka ya mtindo wa kale huwa na henri 4 hadi 5. Nzito kama JB hufika 8 hivi. Kebo ya kawaida ina pikofaradi kama 100 kwa kila mita, na koili tuipe 100 zake.

Nimepiga hesabu kwa kebo yako ya mita 6. Mikro ya henri 4.4 inakuwa na kilele karibu na hezi 2,900, na ya henri 8 karibu na hezi 2,100. Tofauti hiyo ndiyo watu huieleza kwa maneno kama wazi na nene. Kwa mtu wa sebene si jambo dogo: noti unazozipiga juu ya shingo zina mzizi wa hezi 600 hadi 900, lakini ule mdonoo wa kucha au kiplastiki cha kupigia, unaomfanya msikilizaji atofautishe noti moja na ijayo katika mwendo wa kasi, unakaa kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kilele kikikaa 2,100, sehemu kubwa ya mdonoo huo inabaki nyuma.

Lakini angalia jambo hili ambalo wauzaji hawalitaji. Fupisha kebo iwe mita 3, na ile mikro ya henri 8 itapanda hadi hezi 2,800, yaani karibu palepale ilipokuwa mikro ya kale kwenye kebo ya mita 6, huku ya kale ikifika 3,800. Ninaposikia mtu akisema mikro fulani ni nzito na nyingine inang'aa, swali langu la kwanza ni urefu wa kebo yake.

EMG 81 ni jambo jingine. Koili zake zina mizunguko michache, na nguvu inatoka katika kikuzaji kidogo kilichomo ndani, kinacholishwa na betri ya volti 9. Kwa hiyo kebo haiigusi sana, na hata tundu la laini itastahimili kuliko mikro za kawaida. Lakini inadai potensiometa za kiloomu 25 badala ya zile 500 za humbaka nyingine, inadai nafasi ya betri, na imetengenezwa ikiwaza distosheni nzito. Kwa kazi yako mimi nisingeifuata.

Kivu Gitaa, Bukavu

Neno moja tu kutoka huku. Baadhi ya watu watakushauri ununue humbaka nzito yenye nyaya nne na swichi ya kuzima koili moja, ili upate wepesi unapotaka sauti safi. Ukizima koili moja umezima na kinga ya mngurumo, na mahali ambapo umeme ukikatika jenereta inawashwa karibu na jukwaa, mngurumo huo utausikia kila unapoacha kupiga. Wepesi unaweza kupatikana kwa njia nyingine, na nadhani Mzee Fundi anaijua.

Fundi wa Kamalondo

Naijua, na ni njia ninayoipenda kuliko ya kuzima koili. Humbaka yenye nyaya nne inaweza kuungwa sambamba ndani yake yenyewe badala ya mfululizo. Nguvu hupungua, omu zinabaki robo, henri zinabaki karibu robo, na kinga ya mngurumo haiguswi. Kwa hesabu ya ndugu wa Ruashi, mikro ya henri 8 ingebaki na 2, na kilele chake kingepita hezi 4,000 hata kwa kebo ya mita 6. Swichi ndogo ya kuvuta chini ya kifundo cha sauti inatosha, na gitaa halitobolewi.

Anayelehemu aangalie rangi za nyaya, kwani viwanda havikukubaliana. Kwa Seymour Duncan wenye nyaya nne, mweusi ndio unaokwenda kwenye swichi, mweupe na mwekundu huunganishwa pamoja, na kijani na ule usio na ganda huenda kwenye ardhi. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio unaokwenda kwenye swichi, na mweusi na mweupe ndio wanaofungwa pamoja. Ukichanganya mikro za viwanda viwili katika gitaa moja, jaribu swichi ikiwa katikati: sauti ikiwa nyembamba ajabu na besi imetoweka, mikro zinapingana, na utageuza nyaya za mojawapo.

Kabla ya yote hayo, chukua bisibisi. Bonyeza uzi wa sita kwenye kituo cha mwisho kabisa, kisha upime nafasi iliyo kati ya uzi na kichwa cha skrubu ya mikro. Magitaa mengi ninayoletewa yana mikro iliyopandishwa hadi karibu kugusa nyuzi, kwa imani kwamba ukaribu ni nguvu. Ni nguvu kweli, lakini besi inavimba, na kwa upande wa shingoni sumaku huvuta uzi mnene hadi noti zinayumba. Anza na milimita 2 darajani na 2.5 au hata 3 shingoni, ushushe zaidi upande wa nyuzi nene, halafu upandishe skrubu za nyuzi mbili nyembamba kabisa, moja baada ya nyingine, hadi zisikike sawa na wenzake. Tofauti utakayoisikia inaweza kuzidi zile desibeli 3 za orodha.

Na ndugu wa Kampemba hajakosea. Unene wa katikati una faida yake, ila yeye anapiga mi-solo, ambako unene unajaza nafasi. Solo ya sebene inapita juu ya nafasi hiyo.

Solo wa Katuba

Nashukuru kwa mafundisho haya. Nimeazima kisanduku cha DI na kukitumia mazoezini kanisani, nikashusha na mikro kama ulivyosema, Mzee Fundi. Blanketi limeondoka. Mikro ya shingoni sasa sina sababu ya kuibadilisha. Ya darajani bado ina ukali usionipendeza, hivyo nimeamua kuagiza '59 ya darajani yenye nyaya nne, pamoja na kisanduku cha DI cha kwangu. Muuzaji ameniuliza kama nataka upana wa kawaida au ule wa daraja la tremolo (linalotikiswa kwa mkono), nami sijui nimjibu nini.

Fundi wa Kamalondo

Chukua rula, uiweke juu kabisa ya mikro ya darajani, si juu ya daraja lenyewe, na upime kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita. Ukipata karibu milimita 49, mwambie upana wa kawaida. Ukipata kati ya 51 na 53, agiza ule mpana zaidi. Nyuzi zikikaa nusu milimita nje ya skrubu hakuna atakayesikia, kwa hiyo usihangaike nayo. Ila pima pia kina cha shimo la gitaa lako pale chini ya mikro, kwa sababu miguu ya '59 inaweza kuja mirefu kuliko ya mikro yako ya sasa, na ikigota chini hutaweza kuishusha.